Maji Katika Dawa ya Baba

Simu ilitetema mfukoni gunia la unga likiwa limeshakaa begani, na Winchi akajua ni mama yake. Watu wengine wote wenye akili zao hawampigii mpakia mizigo saa za kazi. Alipanda ubao, akalitupa gunia juu ya lori, akashuka akijifuta uso kwa fulana, ndipo akapokea.

"Mwanangu, Sista alikuja, ameshaondoka," mama alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa muda mrefu. "Kaleta chupa mpya, ile yenye nguvu zaidi. Anasema baba yako hawezi kuendelea kuteseka namna hii. Kapandisha na kipimo, nimeshausogeza uzi. Dawa ya mchana nampa hii mpya. Mungu akipenda leo atalala."

Winchi alisimama katikati ya njia. Wenzake wakampita huku na huku na magunia yao, mmoja akamwambia kwa upole kwamba kama amegeuka nguzo aseme wamfungie taa.

Jina hilo la Winchi alipewa hapo ghalani. Alipoanza kazi alikuwa akibeba magunia mawili wakati wenzake wanabishana nani aanze na moja, na sifa ni kitu kitamu. Kijana wa umri ule ukimsifia mgongo atakubebea na nyumba. Bega lilipoanza kuuma hakumwambia mtu, kwa maana winchi, mashine ya kuinulia mizigo, haiumwi bega. Mpakiaji mwenzake, kijana mwenye roho nzuri kabisa, aliliona hilo kwa jicho la pembeni, akamtolea kidonge kilichofungwa kwenye kikaratasi, akamwambia ameze na chai.

Ieleweke kwamba hakuna aliyemdanganya wala kumvutia kichochoroni. Kidonge kilikuwa cha hospitali, cha kutuliza maumivu ya watu waliopasuliwa, na Winchi alijiambia kitu cha hospitali hakiwezi kumdhuru mtu. Wengi wanapotelea hapo hapo. Bega lilinyamaza, na pamoja nalo zikanyamaza kelele za msimamizi, jua likapungua ukali, gunia likawa kama pamba. Baadaye kidonge kimoja hakikufua dafu, akaongeza. Ikaja asubuhi aliyokosa kabisa, na siku hiyo ndipo alipogundua kwamba hamezi tena ili afanye kazi, anameza ili asiumwe. Asipopata, pua ilichuruzika, miayo haikukatika, ngozi ilisisimka kwa baridi kwenye jua kali, tumbo likamgeuka, na mifupa ikauma kwa ndani ambako mkono haufiki kukanda.

Hakuwa peke yake ghalani. Yule mwenye roho nzuri aliyempa cha kwanza alijilaza nyuma ya magunia siku moja baada ya chakula, akawa anakoroma, mkoromo mzito wenye kukatikakatika. Wenzake walicheka sana. Walimtandikia gunia tupu usoni nzi wasimsumbue. Walipokwenda kumwamsha midomo yake ilikuwa imegeuka bluu. Winchi alikuwa miongoni mwa waliocheka, na kicheko hicho hakijamtoka masikioni hadi leo.

Baada ya mazishi yule bwana aliyekuwa akiwauzia vidonge alitoweka, hakuacha hata salamu. Na nyumbani, juu ya kabati, ilikuwepo chupa ya baba.

Baba alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima hata mkewe walimwita Fundi tu. Saratani ilikuwa imemwingia kwenye mifupa ya nyonga. Hospitali walikuwa wameshasema la kusema, kilichobaki ni kumtunza asiteseke, na kwa kazi hiyo alikuja Sista, muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Ndiye aliyeleta mofini, dawa ya maumivu ya ukoo mmoja na vile vidonge, ya maji, chungu, ya kupimwa kwa kibomba cha plastiki kama cha sindano ila hakina sindano. Mama alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalikuwa yamechoka na tundu za sindano; vile vistari vyembamba vya kwenye kibomba hakuviamini. Akakifunga uzi mwekundu pale kipimo kinapoishia. Kipimo kikipandishwa, anausogeza uzi. Sista aliusifia ubunifu huo, akasema atawaonyesha na wengine.

Siku ya kwanza Sista alikuwa ameeleza jambo moja, tena akimwangalia Winchi, kwa kuwa ndiye aliyeonekana kijana wa kuelewa haraka. Dawa hii inapandwa kama ngazi, alisema, kidaraja kwa kidaraja, mwili uzoee. Mkiruka vidaraja mgonjwa atasinzia, na katika kusinzia atasahau kupumua. Winchi aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi hodari.

Mara ya kwanza alichukua kifuniko kimoja tu. Chupa ikaonekana imepungua, akaijazia maji. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mwema, asiyetaka baba yake aharishe, maji yale aliyachemsha kwanza, akayapoza, akayafunika na kisahani. Anamwibia mzazi wake usingizi, lakini anajali asiumwe tumbo. Akili ya mtu aliyenaswa ndivyo inavyofanya hesabu, na kila hesabu inatoka sawa.

Dawa ikawa nyepesi, maumivu yakapanda. Maumivu yalipopanda, Sista akapandisha kipimo, mama akasogeza uzi. Winchi naye akaona sasa dawa ni nyingi, akachukua zaidi, akaongeza maji zaidi. Uzi ukawa unapanda hivyo hivyo, na hakuna aliyejua kwamba unayapandia maji. Chupa za nyuma aliziwahi kabla ya mama. Sasa imekuja chupa ambayo hajaigusa, kali kuliko zote, na mama anakwenda kumpa mumewe kipimo cha mtu aliyezoea dawa nyingi, wakati mumewe hakuwa amezoea kitu zaidi ya maji yaliyochemshwa.

"Mama," Winchi alisema kwenye simu, "usimpe kwanza."

"Nisimpe? Kwa nini?"

Maneno yalikuwepo, tena machache.

"Nakuja," alisema. "Nataka nimpe mwenyewe."

Sauti ya mama ilikuwa imelainika, na ulaini huo ulimchoma mwanawe kuliko matusi. "Umefanya vizuri, mwanangu. Lakini wahi. Akianza kulia sitakaa nimtazame eti nakusubiri wewe." Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupatikana, na si ajabu, maana simu ya mama iliishiwa chaji kila ilipohitajika.

Msimamizi alimwona anavua kofia ya kazi. "Ukitoka getini hapo umemwaga unga," alimwambia. Katika ghala la unga utani huo ulikuwa umeshachakaa, na safari hii wala haukuwa utani. Winchi alitoka.

Alikimbia akipita mafundi wa kuchomelea mageti, akapita foleni ya ndoo bombani, akamgonga mama mmoja wa nyanya akaomba radhi bila kusimama. Hakuwa amepata kitu tangu alfajiri, na mwili ulikuwa umeanza kudai. Jasho lilimtoka la baridi. Alikuwa anakimbilia uhai wa baba yake, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwili wake ulikuwa unakimbilia chupa, na kadiri alivyokaribia nyumbani alishindwa kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomtia mbio.

Maana zilikuwepo njia mbili. Ya kwanza ni kusema. Ya pili ilimjia pole pole, ikiwa imevaa nguo safi. Akiiwahi chupa kabla ya mama, atachukua anachokitaka, ataongeza maji kama siku zote, na baba hatadhurika. Hakuna atakayekufa, hakuna atakayejua, naye atapona hii baridi. Kila aliyekuwa hatarini ataokoka. Ilikuwa njia nzuri mno.

Alipofika mlangoni cherehani ilikuwa kimya, na damu ikamkauka. Mama hakuwa na kawaida ya kuacha kazi mchana. Alimkuta chumbani, mkono mmoja ukiwa nyuma ya shingo ya mumewe, mwingine umeshika kibomba kilichojaa mpaka kwenye uzi. Uzi ulikuwa karibu na mwisho kabisa.

"Nilikuwa nimeshakata tamaa na wewe," mama alisema, akampa kibomba. "Haya, mwenye zamu. Mnyanyue kichwa asipaliwe. Kuna mteja nje anangoja sare za watoto, namjibu narudi."

Akatoka, akamwachia kila kitu: kibomba mkononi, chupa mezani, maji ya jana kwenye sufuria ndogo chini ya kisahani. Sauti yake ilisikika mlangoni ikibishana na mteja kuhusu urefu wa sketi.

Baba alikuwa amefumba macho. Alikuwa mtu mkubwa zamani. Sasa shuka lilimlalia kama limetandikwa juu ya fito. Winchi alikichukua kifuniko cha chupa, akasukuma dawa kutoka kwenye kibomba mpaka kifuniko kikajaa. Harufu yake ilimpanda puani na mate yakamjaa mdomoni. Alikitazama kifuniko. Akaifunua sufuria, akavuta maji mpaka yakafika kwenye uzi, kama alivyokwishafanya mara nyingi, na rangi ya dawa ikawa ile ile iliyozoeleka.

"Ni wewe?" baba aliuliza bila kufumbua macho.

"Ni mimi, baba."

"Majirani wanasemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kelele zangu." Alipumzika kidogo, kwa sababu kuongea kulikuwa kazi. "Usiku nalia, nasikia mwenyewe, na siwezi kujizuia. Wenzangu wenye ugonjwa huu wanapewa tone wanatulia, Sista kaniambia. Mimi kila siku naongezewa, na bado nalia kama mtoto. Nimeungua na mabomba ya maji ya moto maisha yangu yote, sikuwahi kulia. Kumbe nilikuwa mwoga, nilikuwa sijapata tu cha kuniumbua." Akageuza uso kidogo upande wa ukuta. "Mama yako nimemchosha. Mnivumilie. Haitakuwa muda mrefu."

Winchi alibaki na kibomba mkono huu na kifuniko mkono ule. Hicho alichokuwa anasikia hakikuwamo katika hesabu zake zote. Alijua alimwibia baba dawa, na katika saa zake za ukweli alijua alimwibia usingizi. Hakujua kwamba amemfanya mzee wa watu ajione si mwanamume, aende kaburini akimwomba radhi mtu aliyemwibia. Na kesho yeye akiwa kazini, kama kazi ipo, mama atapima mwenyewe dawa isiyo na maji, mpaka kwenye uzi. Au Winchi atajaza maji kesho na keshokutwa, uzi uzidi kupanda, baba azidi kuomba msamaha, mpaka siku ya kumzika.

"Mama," aliita. Sauti ilitoka ndogo. Akaita tena, na safari hii mlangoni pakanyamaza.

Mama aliingia na sketi ya mtoto mkononi, sindano imechomekwa kwenye pindo.

"Baba si mwoga," Winchi alisema. Ajabu ni kwamba alianza na hilo. "Nimekuwa nakunywa dawa yake. Naweka maji. Hii mpya haina maji, na ungempa mpaka kwenye uzi angekufa. Hata sasa hivi nimeshaanza. Ona." Akamwonyesha kifuniko.

Mama hakupiga yowe. Aliutazama uzi mwekundu alioufunga kwa mkono wake, akaanza kutingisha kichwa taratibu, kama anayemkatalia mtu asiyeonekana. Alikuwa amebakiza kidogo tu. Dakika chache tu angemnywesha mumewe kifo, kwa mapenzi yote, huku amemshika shingo asipaliwe. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Tangu lini?"

"Tangu ile chupa ya pili."

"Maji ya wapi?"

"Ya bomba. Niliyachemsha."

Mama alicheka, kicheko kimoja kikavu, kisha akajifunika uso kwa ile sketi. Winchi alingoja. Angepigwa angeshukuru. Baada ya muda macho yake yakamponyoka yenyewe yakarudi kwenye kifuniko, akajiona yanavyorudi, na hofu aliyoipata hapo ilizidi hofu zote za siku ile.

"Mama, kiondoe hiki hapa," alisema. "Nakuomba. Kiondoe kabla sijakinywa."

Alikipokea. Akaichukua na chupa. Akaenda mlangoni akamwambia mteja arudi kesho, akaazima simu yake, akampigia Sista na kumweleza yote bila kumfichia mwanawe hata neno moja. Sista aliuliza maswali mengi, na mama aliyarudia kwa sauti ili Winchi naye ajibu: mgonjwa ameshapewa? Hapana. Huyo kijana anakunywa kiasi gani? Kingi. Anatoka jasho, anatetemeka? Ndiyo. Basi mgonjwa apewe kidogo sana, kama siku ya kwanza kabisa, na mtu asiondoe macho kifuani pake. Yeye Sista anarudi sasa hivi.

Fundo la uzi lilikuwa limekaza. Mama alilifungua kwa meno. Aliuteremsha uzi mpaka chini kabisa, akavuta dawa isiyo na maji, akamnyanyua mumewe kichwa. Fundi alikunywa, akakunja uso.

"Chungu," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa amesikia kila kitu, akamtafuta mwanawe kwa macho. "Kwa hiyo yale maumivu yalikuwa ya kweli."

"Yalikuwa ya kweli, baba."

"Hata mtu mwingine angelia."

"Mtu yeyote angelia."

Baba aliwaza. Hakusema amesamehe, wala hakulaani. "Nilikuwa nimeanza kumwomba Mungu anichukue kwa aibu," alisema, akafumba macho. Haukupita muda mrefu vidole vyake, vilivyokuwa vimelikaza shuka siku zote hizo, vikaanza kulegea kimoja kimoja.

Mama alimwamuru Winchi akae sakafuni, mbali na meza, mahali anapomwona. Chupa aliitia kwenye mfuko wa gauni na hata alipokwenda uani aliondoka nayo. Mkono wake aliuweka juu ya kifua cha mumewe. Kilipanda, kikashuka, kikapanda. Kila kilipochelewa wote wawili waliacha kupumua, na kilipopanda tena mama alivuta pumzi ya kwake. Winchi alitetemeka sakafuni, akatapika kwenye ndoo, akarudi kukaa. Alimsikia baba yake akilala. Alikuwa amesahau kwamba baba yake anajua kulala kimya.

Sista aliingia na mkoba wake, akampima Fundi kwanza, akaridhika. Ndipo akachuchumaa mbele ya Winchi, akamtazama mboni za macho, akamgusa shingo iliyolowa.

"Huyu haachi kwa kufungiwa ndani," alimwambia mama. "Atateseka, atatoroka, na siku akirudia kiasi chake cha zamani mwili utakuwa umeshasahau. Vijana wengi wanatufia hapo hapo. Kuna kliniki pale hospitali, wanapewa dawa mbele ya muuguzi na wanapunguziwa kwa utaratibu. Inachukua muda. Wengine wanarudi nyuma, wanaanza tena."

"Atapona?" mama aliuliza.

Sista aliangalia kitandani, ambako Fundi alikuwa amelala mdomo wazi, kisha akamgeukia mama. Alikuwa mtu wa kusema ukweli. Kazi yake haikumruhusu mengine.

"Katika nyumba hii, mama, huyu ndiye anayeweza kupona."

Mama alilijua hilo upande wa mumewe. Alilijua tangu siku hospitali walipowarudisha nyumbani. Ila alikuwa hajalisikia likisemwa chumbani mwake, tena likiwa limefungwa pamoja na habari njema. Alimwangalia mwanawe, mtu mzima mwenye mabega ya winchi, amejikunyata kando ya ndoo.

"Basi mchukue sasa hivi," alisema, "kabla sijaanza kumhurumia."

Sista akamshika Winchi mkono akamwinua. Alivaa viatu kwa tabu, vidole havikukubali kufunga kamba, akaziacha zikiburuta. Mama hakuwasindikiza hata mpaka mlangoni. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kifua cha mumewe, na asingeweza kuuondoa.